Mtungi wa Kanisa

Sista Kasiva, nesi mkuu wa dispensari yetu, alikuwa amezalisha nusu ya akina mama wa upande huu wa Kasikeu, na jambo moja hakuna aliyeweza kumtoa kichwani: mtoto asiyepumua ni wa oksijeni. Semina walimpeleka. Wakamwambia mtoto aliyetimiza miezi yake aanzishiwe hewa hii hii ya kawaida, mara moja, kwa ambu, ule mfuko wa kubonyeza kwa mkono. Akaitikia kwa kichwa, akanywa chai yao, akarudi vile alivyokwenda.

Tena sasa dispensari ilikuwa na mtungi wake wa oksijeni, zawadi ya kanisa. Wazee waliuombea, wakapiga picha nao, na Kasiva akaufungia stoo usije ukaharibiwa.

Jumanne saa nne asubuhi Nduku akajifungua mvulana mzito, mlegevu, kimya. Muthoki, nesi mgeni kazini, akampangusa haraka, akashika ambu.

"Nianze, Sista?"

"Na hewa tu? Ngoja nilete mtungi!"

Jamani, eti ngoja! Kufuli ikagoma, mtungi ukakwama mlangoni, paipu yake ikatafutwa kila kona. Naye Muthoki, aliyelelewa kutii wakubwa, akangoja kweli, ambu mkononi. Walipoanza kubonyeza, dakika tano zilikuwa zimekwenda. Kifua kilipanda na kushuka vizuri. Moyo ndio uliokuwa umechoka. Walihangaika naye weee, wapi! Hakulia hata mara moja.

Mchana Nduku akamshika Kasiva mkono. "Asante, Sista. Angalau alipata oksijeni. Tumwachie Mungu."

Kasiva angeweza kusema amina tu, yakaishia hapo. Muthoki alikuwa ameinamisha macho na hangefungua mdomo. Lakini ile asante ilimchoma Kasiva kuliko tusi. Akaketi kitandani, machozi yakimtoka.

"Nduku mwanangu, hakuhitaji oksijeni. Hewa hii tunayopumua ingemtosha. Muthoki alitaka kumpa. Mimi ndiye niliyemwambia angoje."

Nduku akauachia ule mkono.

"Alikaa muda gani bila kitu?"

"Dakika tano."

Nduku akavuta leso kifuani, maziwa yameshaanza kumtoka.

"Nilisikia mkikimbia," akasema. "Nikamshukuru Mungu, nikajua mtoto wangu anahudumiwa."