Siku Bi Muhsina Alipotupandisha Mnara wa Lango

Mtu hakualiki kupanda mnara saa tatu za asubuhi kama hana lake moyoni. Nilimwambia hivyo kaka yangu Murshid jioni ile ile simu ilipoingia. Bi Muhsina, mama yake Maan anayemposa binti yetu, tuliyemwona mara moja tu alipokuja kuleta posa, kapiga simu anasema kwa Kiarabu chake cha taratibu: nataka kutoka na binti yenu, wanawake watupu, twende tukalione lile lango la kale la mji. Wamelitengeneza vizuri, minara yake inapandwa mpaka juu.

"Lango?" Murshid akauliza. "Si angemwita mkahawani kama watu wengine?"

"Mkahawani hakuna ngazi," nikamwambia.

Mie nilimfahamu pale pale. Mabibi wa zamani walikuwa na mambo yao ya kumpima mke wa mtoto wao. Huyu anampa sindano atie uzi, aone macho yake. Yule anamtuma maji, aone mwendo wake. Sasa huyu katutafutia ngazi. Anataka kusikia pumzi za Ghadeer.

Na hiyo ndiyo siri ya nyumba yetu. Ghadeer, mtoto wa kaka yangu, ana sikoseli, ule ugonjwa wa damu, kazaliwa nayo. Mama yake alifariki yeye ana miaka mitatu, nikamchukua mie. Mie ndiye niliyekuwa nikimkanda miguu akilia mifupa, mie ndiye ninayejua mshipa gani wa mkono unakubali sindano. Sasa ana miaka ishirini na saba, anafanya kazi wizarani Al Khuwair, mcheshi, mzuri, ukimtazama hujui kitu. Lakini kabla ya Maan washakuja wachumba wawili. Wa kwanza mama yake alisikia, hakurudi tena. Wa pili walisikia, wakatuma mtu aturudishie sahani yetu ya halua, haijaguswa hata kwa kidole. Nikaapa wa tatu hatosikia kitu mpaka nyoyo zishafungana. Najua kabla ya ndoa damu inapimwa, na karatasi haimstahi mtu. Lakini mpaka hapo kijana keshazama, mama keshatangaza kwa jamaa zake, aibu ya kuvunja itakuwa yao. Hivyo ndivyo nilivyopanga, na nilijiona nina akili.

"Shangazi, na nikimwambia tu?" Ghadeer aliniuliza garini, tunatoka nyumbani Darsait.

"Mwambie, kisha kaa mlangoni usubiri sahani."

"Na nikichoka huko juu?"

"Ukichoka nitakwambia la kufanya. Kwa Kiswahili. Yule mtu wa milimani huko ndani, Kiswahili atakijulia wapi?"

Sisi tuliotoka Unguja tukaja kukaa huku kwa Waarabu ndiyo tabia yetu. Dukani, msibani, kwa daktari, mbele ya wakwe, mtu akitaka kusema lake anageuza ulimi tu, na wenyeji wanabaki kukutazama mdomo. Mama yangu alikuwa akimtukana muuza nguo huku anamchekea, na muuza nguo anamshukuru. Nshazoea hivyo tangu utoto.

Tulimkuta Bi Muhsina kivulini chini ya lango. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwembamba, na chini ya abaya kavaa raba. Begani kachukua mkoba mkubwa umemwelemea. Upepo wa Februari ulikuwa unatoka baharini, wa baridi, na mie baridi naiogopa kwa ajili ya Ghadeer kuliko ninavyoogopa jua.

"Mwone," nikamwambia Ghadeer huku natabasamu. "Na raba kavaa, kama anakwenda jeshini."

Ghadeer akabana kicheko. Bi Muhsina naye akacheka kidogo, nikadhani anacheka kwa heshima tu.

Mlinzi wa getini alituambia ngazi ni nyembamba, tupande mmoja mmoja, na lifti hakuna. Bi Muhsina akatangulia, Ghadeer katikati, mie nyuma. Vile vidato vimejengwa kwa ajili ya askari, si kwa wanawake wenye abaya. Kila kimoja kinakufika gotini. Ndani mna kiza, na ile baridi inaingilia kwenye matundu ya bunduki. Nilikuwa nasikiliza pumzi za mtoto wangu tu. Kidato cha kumi, sawa. Cha kumi na tano, zimeanza kukatika.

Kwenye ghorofa ya kwanza Bi Muhsina akageuka. "Tupumzike?" akauliza kwa Kiarabu. Hakumtazama Ghadeer, alinitazama mie.

"Hapana, tuko sawa, alhamdulillahi," nikajibu upesi. Kisha kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayesifia jengo: "Ghadeer, toa simu, jifanye unapiga picha lile tundu. Vuta pumzi kwa pua. Usiharakishe, piga hata tano."

Akapiga tano. Bi Muhsina alisimama anatutazama, na mkoba wake begani.

Tukaendelea. Ngazi za pili zilikuwa mbaya zaidi, zinazunguka. Nikauona mkono wa Ghadeer unashika ukuta, kisha nikaona yote miwili imeshika.

"Shangazi," akasema taratibu. "Miguu."

"Ina nini?"

"Inaanza."

Neno hilo nnalijua. Ghadeer hasemi "inaanza" kwa mchezo. Pamoja na khofu nikapata hasira, hasira ya yule bibi na raba zake, ya wale waliorudisha sahani, na ya miguu yenyewe, Mungu anisamehe. Pale ndipo ningesema basi. Badala yake nikamsukuma mgongoni kwa kiganja.

"Vumilia, mwanangu. Vimebaki vichache. Akikuona umekaa kitako huyu, hadithi imekwisha. Mara hii tu, nnakuomba."

"Tushuke?" Bi Muhsina alikuwa kasimama juu yetu. "Mimi sina haja ya kufika juu. Tushuke tukanywe chai."

"Tushuke, na sisi tumekuja kutazama?" nikacheka. Nilikisikia kicheko changu ukutani, kibaya.

Akangoja kidogo. Halafu akapanda tena, polepole kuliko mwanzo, na vilipobaki vidato sita au saba akasimama mara ya tatu. "Midomo ya binti imepauka, Bi Masouda."

"Hakupaka rangi leo," nikasema. "Ndivyo alivyo."

Tukatoka juu kwenye mwanga. Milima ile mitupu huku, bahari kule, mapaa meupe chini yetu, na upepo unavuma kama umetumwa. Ghadeer akaufikia ukuta, akaukumbatia, akateremka nao mpaka chini. Jasho lilimjaa usoni na baridi yote ile. Bi Muhsina alikuwa katupa mgongo, anatazama milima. Nikaruka pale alipo mtoto wangu, na haya ndiyo niliyomwambia, nayasema ili mnijue nilivyokuwa:

"Inuka. Jifanye unafunga kiatu, halafu inuka. Inuka kabla hajageuka."

Ghadeer alinitazama. Hakulia. Alinitazama kama mtu asiyenijua.

"Mwache akae," ikasema sauti.

Nilidhani kuna mtalii. Nikageuka, hapakuwa na mtu ila Bi Muhsina, na Kiswahili kilichotoka kinywani mwake kilikuwa cha bara, kimenyooka, hakina shaka. Akaja, akapiga magoti, akafungua ule mkoba. Ndani mlikuwa na chupa mbili kubwa za maji na blanketi la sufu. Akamfunika Ghadeer mabega, akampa maji.

"Kunywa, mama. Kidogo kidogo. Wapi panauma?"

"Mapaja," Ghadeer akasema. "Na kiuno."

Kila neno tangu chini, raba, jeshi, picha tano, lilikuwa linanirudia.

"Nimezaliwa Tabora," Bi Muhsina akasema bila kunitazama. "Nimekuja huku nina miaka kumi na minne, nikaolewa nyumba ambayo mama mkwe hakutaka kukisikia Kiswahili mlangoni kwake. Nikakinyamazia. Miaka arubaini na kitu nakaa kwenye arusi zenu na misiba yenu, nawasikiliza. Hujui niliyoyasikia."

"Basi ushasikia," nikasema. "Mtoto mgonjwa. Haya, rudisha sahani."

"Nilijua kabla sijapiga simu. Maan kaniambia wiki iliyopita. Kapimwa, damu yake safi; watoto hawatougua."

"Na Maan kaambiwa na nani?"

"Na mimi," Ghadeer akasema kutoka ndani ya blanketi. "Tangu mwezi wa kumi na moja. Sikuthubutu kukwambia, Shangazi. Wala sikujua kama mama yake naye keshaambiwa."

Ukuta ulikuwa karibu, nikauegemea. "Sasa kama ulijua," nikamwambia yule bibi, "umetuleta huku kutafuta nini?"

"Watu wake," akasema. "Mgonjwa anaishi kwa watu wake. Nilitaka nione anatoka kwenye mikono gani, nijue mwanangu atamkimbilia nani usiku binti akishikwa na maumivu. Nimekuuliza mara tatu. Tupumzike, tushuke, midomo imepauka. Mara ya kwanza tu ungesema, huyu mtoto wangu mgonjwa, hawezi, ningekubusu mikono. Wewe umemwambia apige picha."

Neno lile lilinipata, siwezi kusema uongo. Lilinipata pale pale penyewe. Lakini mie sikuumbwa kupigwa nikanyamaza.

"Na weye je?" nikamwambia. "Mie nilikuwa nnaficha, mjinga mie, nimekubali. Weye ulikuwa unajua. Umekuja na maji, umekuja na blanketi, ulijua yatakayotokea. Ukatangulia mbele, kidato baada ya kidato, unamvuta mgonjwa juu ili unipime mie. Kwa miguu ya nani? Si yangu, wala si yako."

Uso wake ukabadilika. Alifunika chupa kizibo, akakosa kukifunga, akajaribu tena.

"Nilidhani utasimama ghorofa ya kwanza," akasema. "Wallahi nilidhani hutofika ya pili."

"Na nilipofika?"

Ghadeer akatoa sauti, si neno, sauti tu, akajikunja. Maumivu yalikuwa yamepanda. Hapo hapakuwa na mkwe wala posa tena, palikuwa na ngazi mbili na mtu asiyeweza kusimama.

Tulimshusha kitako. Bi Muhsina alitangulia, akishuka kinyumenyume na kashika vifundo vya miguu vya Ghadeer asijigonge. Mie nyuma, nimempitisha mikono makwapani. Kidato kimoja, pumzika. Kidato kimoja, pumzika. Kila tukishuka alikuwa akiuma blanketi. Sijui ilichukua muda gani. Nnajua kwamba njia nzima nilikuwa namwambia nisamehe, na yeye hakunijibu hata mara moja, na sikumlaumu. Kwenye ghorofa ya kwanza tulikutana na watalii wanapanda, baba na mama na kamera, wakajibana ukutani kutupisha.

Mlinzi alitusikia, akaja mpaka chini ya ngazi. "Kuna nini?" akauliza kwa Kiarabu. "Ana nini huyu?"

Uongo wangu ulikuwa tayari mdomoni, nimeutumia miaka ishirini na kitu: kizunguzungu, hakula asubuhi, jua limempiga. Hauhitaji hata kufikiri. Nikaufungulia mdomo, na nikaona macho ya Ghadeer yananitazama kutoka chini ya kidevu changu, yanangoja.

"Ana sikoseli," nikasema kwa Kiarabu, kwa sauti kubwa, watalii wakasikia, na kina mama waliokuwa wanakata tiketi wakasikia. "Mtoto wangu ana sikoseli na maumivu yamemshika. Tuletee kiti, na uniruhusu nilete gari mpaka mlangoni."

Nilikuwa sijapata kulitamka neno lile mbele ya mtu asiyekuwa daktari. Mlinzi wala hakushangaa. "Mtoto wa dada yangu pia anayo," akasema, akakimbilia kiti.

Nikaendesha gari mie, kuelekea hospitali. Bi Muhsina alikaa nyuma, kichwa cha Ghadeer mapajani mwake, anamkanda. Tulipovuka Matrah maumivu yalikuwa hayajapungua, lakini pumzi zilikuwa zimetulia, na hapo, kwa kuwa watu wazima hatujui kukaa kimya, tukaanza.

"Arusi tuiweke mwezi wa nne," Bi Muhsina akasema. "Baridi iwe imeondoka kabisa."

"Mwezi wa nne joto linaanza," nikasema. "Joto nalo linamkausha maji. Wa tatu, mwishoni."

"Mwishoni mwa wa tatu Maan hayupo, ana safari ya kazi."

"Basi aiahirishe, si mwanamume huyo?"

"Hajaniuliza mtu," Ghadeer akasema.

Sauti ilikuwa ndogo, lakini gari zima liliisikia. Nikamtazama kwenye kioo. Macho kayafumba, nywele zimemganda kwenye paji la uso, na mkono kautoa kwenye mkono wa Bi Muhsina.

"Huyu ananificha, huyu ananipima," akasema. "Mmenipandisha, mmenishusha, sasa mnanipangia mwezi. Tangu asubuhi hajaniuliza mtu hata kitu kimoja, ila wapi panauma."

Taa ilikuwa nyekundu. Nikasimamisha gari, nikageuka kitini mpaka nikamwona sawasawa.

"Haya," nikasema. "Nnakuuliza. Maan unamtaka?"

"Namtaka." Alisema bila kufikiri, kisha akafumbua macho, akamtazama yule aliyemlaza mapajani, halafu akanitazama mie. "Nyinyi wawili ndio bado sijaamua."