Banc ya Kikohozi

Directeur Gamaliel, mkuu wa shule, si mtu mbaya. Ana akili nusu, basi, na akili nusu inaua kuliko ujinga mzima. Alisikia redioni kwamba kikohozi kinaambukiza. Donc akaamuru kila mtoto anayekohoa, hata wa mafua ya mvua, akae kwenye banc moja, benchi la mbao nyuma ya darasa, chini ya dirisha lililopigiliwa misumari kwa ajili ya baridi ya Butembo. Wanane walibanana pale. Watoto wakaiita banc ya kikohozi, na Directeur akajisifu nayo mbele ya wazazi.

Siku ile Mama Solange alipiga makofi kama wengine, na mpaka leo mikono yake inamuwasha kwa hasira. Binti yake Victoire alipelekwa kwenye banc ile na makamasi tu, yale ya kuponywa kwa chai ya tangawizi. Wakamkalisha karibu na mtoto aliyekohoa tangu Pasaka bila mtu kumuuliza kitu. Baada ya miezi minne Victoire alikuwa amekonda, sketi inafungwa kwa pini, na muganga wa kituo cha afya akatamka neno lenyewe: kifua kikuu. Mdogo wake, Ézéchias, alipimwa akakutwa mzima. Muganga akasema huyu alindwe.

Na asubuhi hii Ézéchias ameamka na makamasi! Solange alikuwa ameshakwenda kuuza maharagwe mtaani Rughenda. Aliporudi na kusikia mtoto yuko shuleni na makamasi yake, alitupa kikapu akapanda mlima mbio.

Alimkuta nyuma, nafasi ileile ya dada yake. Mwalimu Timothée akainamisha macho; alijua yote, mais alimwogopa mkubwa wake. Directeur naye akaja na tai yake. Solange akamweleza pole pole maneno ya muganga: ugonjwa huu unatembea na hewa, dirisha lifunguliwe, anayekohoa wiki mbili apelekwe kupimwa, asifungiwe na wenye mafua. Directeur akajibu kwamba wazazi waliisifu banc hii, naye Solange akiwemo.

«Mama Victoire, sheria ni ya bote. Mwenye kukohoa anaenda nyuma.»

Hakumaliza vizuri. Kifua kilimkamata, akakohoa mpaka akainama, leso mdomoni. Kikohozi hicho shule nzima ilikuwa inakisikia ofisini mwake tangu mwezi uliopita, yeye akisingizia chaki.

Watoto wa banc hawakucheka. Ni watoto waliolelewa, wanaijua sheria. Walisogeleana, na Ézéchias akapangusa ubao wa banc kwa kiganja, akamkaribisha.

«Directeur, kuya. Nafasi iko.»

Directeur aliitazama nafasi ile, hakusogea hata hatua. Solange akamshika mwanawe mkono, akamwambia mwalimu alete nyundo ya kung'olea misumari. Safari hii Timothée hakumtazama mkubwa wake. Alikwenda kuileta.