Dobi Mkuu Aenda Kwenye Usaili

Siku Nafisa Muksini alipoanza umeneja, aliingia londri akafanya jambo ambalo Antonia hakuwahi kuliona katika miaka yake tisa ya kazi za loji. Alimwamkia.

"Shikamoo, dada Antonia."

Antonia alikuwa amebeba foronya mpaka kidevuni. "Marahaba" ilimtoka kabla hajaizuia, akabaki amesimama pale hajui aangalie wapi. Meneja aliyeondoka, Bwana Martini, alikuwa akimwita kwa redio ya mkononi kutoka umbali wa hatua thelathini, na kila redio ilipokoroma Antonia alijificha nyuma ya tangi la maji moto.

Huyu mpya, binti wa mwenye duka la vitambaa pale Karatu mjini, alivua viatu vyake vya kisigino, akavaa buti za mpira zilizokuwa mlangoni. "Leo nafua," akasema. "Nianzie wapi?"

Amekuja kutupeleleza, Antonia akawaza. Anatafuta wa kupunguza. Basi akamkabidhi mashuka ya kundi zima la wageni walioondoka asubuhi ile kwenda kreta, bonde la wanyama, bila kumwonea huruma hata kidogo.

Kufikia saa tano meneja alikuwa ameanika mashuka arobaini na mtandio wake unachuruzika maji. Ndipo magari matatu ya watalii yalipoingia kwenye maegesho, yaliyokuwa ubavuni mwa kamba za kuanikia. Vumbi jekundu likanyanyuka, likatua taratibu kwenye mashuka yote arobaini. Nafisa akatamka neno ambalo baba yake asingependa kulisikia dukani.

"Huwa inakuwa hivi?"

"Kila siku."

"Na mnafanyaje?"

"Tunafua tena. Nilimwambia Bwana Martini, akasema vumbi ni sehemu ya utalii."

Nyuma ya ofisi ya meneja kulikuwa na bustani ya nyasi yenye jua zuri, ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuikanyaga isipokuwa meneja mwenyewe. Jumamosi ya wiki ileile kamba zilihamia huko. Tangu siku hiyo wakala wa utalii akija kuzungumza mambo makubwa na Nafisa, alizungumza huku suruali za wapishi zikimpungia dirishani.

Hakuishia londri. Jumanne alimenya viazi jikoni, vikabaki vidogo kama karanga. Alhamisi alikaa getini na Supeet, askari wa zamu, akawafungulia ng'ombe saba wa jirani akidhani ni wa loji. Wafanyakazi walicheka mpaka wakaumwa mbavu. Lakini popote alipopita aliuliza swali lilelile, "Nini kinakukwaza hapa?" na kabla ya wiki kuisha kitu kimoja kilikuwa kimetengenezwa. Supeet alipata kibanda kisichovuja. Watu wa londri, kwa kuwa hawakufua tena mara mbili, walirudi nyumbani jua lingali juu. Siku moja Antonia alijikuta anawafundisha wenzake namna ya kutoa doa la mvinyo, na hakuna aliyemtuma. Jambo hilo lilimuudhi kidogo, maana alikuwa na mipango yake.

Mwezi wa kwanza, kabla ya Nafisa kufika, alikuwa ameomba kazi ya dobi mkuu kwenye loji kubwa kule juu ukingoni mwa kreta. Mwezi wa nne wakamwita kwenye usaili. Akaenda ofisini kuomba ruhusa.

"Shangazi yangu anaumwa," akasema. "Yuko Mbulumbulu."

"Pole sana," Nafisa akajibu. "Ila kuna watu wa ukingoni wamenipigia simu jana, wakaniuliza tabia yako. Nikadhani ndio hao shangazi."

Antonia akapiga hatua moja nyuma kuelekea mlangoni.

"Nimewaambia ukweli," Nafisa akaendelea. "Kwamba sijaona dobi kama wewe, na kwamba wakikuchukua nitalia. Gari la mboga linapanda huko kesho asubuhi, nimekuombea nafasi mbele. Na hiyo blauzi ndiyo utakayovaa? Imejikunja. Lete niipige pasi."

Hakukubali kukatazwa. Aliipiga pasi mwenyewe, kwa moyo mmoja, na kwenye mkono wa kulia akaacha alama ya kahawia yenye umbo kamili la pasi.

Kesho yake, huko juu kwenye ukungu, Bwana Isaya aliyekuwa akisaili aliiona alama hiyo kabla ya kuona kitu kingine.

"Dobi mkuu," akasema, "na blauzi imeungua?"

"Bosi wangu ndiye aliyenipigia pasi."

Bwana Isaya akainua uso. "Sawa. Hebu niambie, kwa nini unataka kuondoka kwake?"

Jibu Antonia alikuwa nalo tangu mwezi wa kwanza, malalamiko tisa aliyoyakariri kama sala. Akalitafuta la kwanza: vumbi. Limekwisha. La pili: kurudi nyumbani giza limeingia. Limekwisha. Akaenda hivyo hivyo mpaka la tisa, lililokuwa redio, na redio sasa ilikuwa kabatini imezimwa.

"Meneja wetu hajui kufua," akasema mwishowe.

"Kwani anafua?"

"Anajaribu."

Akaulizwa zaidi, akaeleza. Viazi, ng'ombe, kibanda, suruali za wapishi. Bwana Isaya aliacha kuandika, akashika tama.

"Huyo meneja wenu, hatafuti kazi?"

"Hatafuti!" Antonia akasema kwa ukali mpaka katibu muhtasi akachungulia mlangoni.

Hata hivyo walimtaka yeye. Mshahara mnono, na chumba cha kulala. Antonia akafikiri kidogo. "Kamba zenu za kuanikia ziko wapi?"

"Sijui," Bwana Isaya akajibu. "Kuna wanaohusika na mambo hayo."

Antonia akamshukuru kwa heshima zote, akateremka kutafuta gari la mboga.

Alipofika lojini saa nane mchana, Nafisa alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mbele yake mashuka ishirini ya rangi ya waridi. Alikuwa ameona lubega jekundu analojitanda Supeet limechafuka, akamwonea huruma, akalitia mashineni pamoja na mashuka meupe. Supeet alisimama kando kama mtu aliyefiwa. Wageni walikuwa wanafika saa kumi na moja.

"Nimeharibu, dada Antonia."

Antonia akakunja mikono ya blauzi. "Yasikaushwe! Rangi haijashika bado. Maji ya moto na dawa ya kung'arishia."

Zamu ya asubuhi ilikuwa imekwisha, lakini hakuna aliyeondoka. Wapishi walibeba ndoo, watu wa bustani wakakamua, Supeet akapiga pasi akiwa amevaa suruali ya kuazima. Ilipofika saa kumi na nusu mashuka kumi na nane yalikuwa meupe. Mawili yaligoma, wakayatandika kwenye chumba cha maharusi, nao asubuhi walishukuru kwa pambo lile.

Jioni ile kazi ilipotulia, Nafisa akauliza bila kumtazama, "Na kule ukingoni?"

"Wana mashine nzuri sana."

"Utaenda?"

"Kesho saa mbili," Antonia akasema, "njoo nikufundishe kutenganisha rangi. Tutaanza na soksi."