Sufuria la Mikono Minne

Kwa miaka sita Bi Mwiko na wifi yake walisemezana maneno manne tu kwa siku, na hayo yalikuwa ya sufuria. "Beba." "Nimebeba." "Tua." "Nimetua." Baada ya hapo kila mmoja aligeukia ukuta wake. Jiko la shule lilikuwa na kuta nne nyeusi kwa masizi, kwa hiyo za kugeukia hazikukosekana.

Majina hayo walibandikwa na watoto wa shule. Bi Mwiko, kwa sababu ya mwiko wake mrefu kama mpini wa jembe, uliolika upande mmoja kwa miaka ishirini na miwili ya kukoroga. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, walimwita Bi Chumvi, na jina hilo lina kisa chake. Siku walipomzika mume wa Bi Mwiko, huyu wifi alisimama mbele ya watu wote akanyoosha kidole. "Kaka yangu hakuuawa na presha," alisema. "Daktari alikataza chumvi. Mwanamke huyu akaendelea kumwaga chumvi kama anakausha ngozi ya mbuzi." Tangu siku hiyo Bi Mwiko hakugusa chumvi tena kazini. Kopo lilihamia upande wa wifi, nalo lilikuwa kopo la bati lenye kutu kwenye mdomo, na kila asubuhi wifi ndiye aliyetia.

Walipokuwa na la kuambiana waliambia vitu. Bi Chumvi akichochea moto atasema, "Kuni nyingine bwana, zimezeeka, moshi tele, moto hamna." Na Bi Mwiko ataliambia sufuria, "Kifuniko chako wewe, kelele nyingi, ndani mvuke mtupu." Hivyo ndivyo walivyopika uji wa watoto mia nne.

Muhula uliopita uji uliruka ukamwagikia Bi Chumvi mguuni, kutoka kifundo hadi vidole. Lile sufuria likijaa lilikuwa zito, na kutoka motoni hadi meza ya kugawia zilikuwa hatua kumi na moja, sakafu yenyewe ina bonde katikati. Mwalimu mkuu akaandika barua chuoni, na chuo kikaleta vijana wanne. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawa walikuja mwenyeji augue.

Mmoja alisomea uhandisi, na kwa kuwa hakuiweka chini tepu ya kupimia hata wakati wa kunywa chai, wapishi walimwita Tepu. Mmoja alisomea uuguzi, binti mpole mwenye macho ya kuona, wakamwita Muuguzi. Wa tatu alikuwa mchoraji wa vifaa, asiyeongea. Wa nne alisomea mambo ya jamii na alikuwa na daftari la maswali.

"Fani nne, timu moja," Tepu aliwaeleza siku ya kwanza, mikono nyuma kama mkaguzi. "Tunabuni kifaa kinachomweka mtumiaji katikati."

"Katikati ya moto?" aliuliza Bi Chumvi.

Huyu wa daftari aliwahoji mmoja mmoja. "Mama, mwenzako anakusaidia vipi?" alimuuliza Bi Mwiko.

"Nenda kamuulize kwanza kama ni mwenzangu."

Wakapima urefu wao, urefu wa mikono yao, kimo cha meza. Wakapima uzito wa sufuria: kilo themanini na tatu likijaa. Baada ya wiki tatu wakarudi na fremu ya vyuma iliyopakwa rangi ya samawati. Sufuria lilikaa juu yake kwenye mikono miwili ya chuma, na ubavuni palikuwa na usukani kama wa gari. Ukizungusha, sufuria linainama, uji unamiminika kwenye ndoo. Hakuna kubeba. Mtu mmoja anatosha.

Walilijaza maji wakajaribu. Maji yalimiminika vizuri, uzi mmoja mnene usiokatika, na vijana wakapiga makofi. Bi Mwiko alisimama pale na kanga yake begani, akalitazama lile sufuria likiinama.

"Baba," alimwambia Tepu, "uji si maji."

"Mama, hesabu zimeshapigwa. Uzito ni uzito." Tepu hakumtazama. "Naomba usogee kidogo, unaziba picha."

Bi Mwiko akasogea.

Alijua alichokuwa anataka kusema. Uji mzito ukikaa hufanya ngozi juu na hushika sufuria chini. Ukiuinamisha haufanyi kitu. Unakutazama tu. Ukizidi kuuinamisha huachia nyuma, wote kwa pamoja, kama ukuta wa udongo uliolowa. Ndiyo maana yeye na wifi yake, kabla ya kumimina, hulitikisa sufuria mara mbili, huku na huku, bila kuambiana. Lakini ulimi wake aliurudisha mdomoni. Aliyeambiwa asogee hufundisha nini?

Mchana huohuo alikuwa stoo akipima unga kwa kibakuli. Kati ya stoo na ofisi palikuwa na ukuta wa mbao tu, na mbao zile zilikuwa na nyufa za kupitisha kidole.

"Kwa hiyo mpishi mmoja anatosha," ilisema sauti ya mwalimu mkuu.

"Anatosha kabisa," ilijibu ya Tepu.

"Basi muhula ujao atabaki yule mdogo, bado ana nguvu. Yule mkubwa akapumzike. Na kile chumba chake tutampa mlinzi."

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya stoo, kitanda kimoja, meza moja, dirisha la ukubwa wa sahani. Bi Mwiko aliishi humo na mjukuu wake wa darasa la sita, na nje ya hapo hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Kibakuli kilimponyoka. Aliokota unga kwa viganja vyake, kidogo kidogo, mpaka sakafu ikawa safi, na wakati anaokota roho yake ikasema: mwache azungushe. Uji ukianguka na uanguke. Aliyenizika nikiwa hai mbele ya kaburi la mume wangu, mimi nimwokoe kwa lipi?

Akanyamaza siku mbili.

Siku ya maonyesho alikuja mhadhiri wa chuo, mwanamke mwenye miwani na faili jekundu. Watoto walipanga mstari na vikombe vyao. Bi Chumvi alisimama kwenye usukani, amefunga aproni mpya aliyopewa na vijana, na alipopita kwenye ukuta ulikoegemezwa mwiko alisema kwa sauti ya kusikika, "Wewe mwiko pumzika. Zamu yako imekwisha."

Bi Mwiko hakuliambia sufuria kitu.

"Anza, mama," alisema Tepu. Mchoraji akainua simu apige picha.

Bi Chumvi akazungusha. Sufuria likainama. Uji ukakaa kimya. Ngozi ya juu ilikunjamana tu kama paji la uso.

"Zungusha, mama, usiogope."

Akazungusha tena. Tone moja lilining'inia mdomoni mwa sufuria lisianguke. Watoto wakacheka.

"Zungusha tu!"

Bi Mwiko aliona nyuma. Kule nyuma, ambako hakuna aliyekuwa anatazama, uji ulikuwa umeanza kuachana na bati, na moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye ufa huo. Pumzi moja imebaki, labda mbili. Akautazama mguu wa wifi yake, ule wenye kovu la waridi lililong'aa, umesimama palepale utakapoangukia. Kama mtu angemuuliza baadaye aliamua saa ngapi, asingekuwa na jibu. Miguu ilikwenda. Akalidaka sufuria sikio moja kwa kanga.

"Beba!"

"Nimebeba!" alijibu Bi Chumvi kabla hajajua anajibu nini, akaachia usukani, akadaka sikio la pili kwa aproni yake mpya. Usukani ukajirudisha kwa kasi ukampiga kifundo cha mkono. Uji ukaanguka ndani ya sufuria kwa kishindo, mguu mmoja wa fremu ukapinda. Kilo themanini na tatu zikawaning'inia mikononi. Hawakuachia.

"Tua."

"Nimetua."

Kidogo kilikuwa kimemwagika. Kilitoa moshi sakafuni, shibiri moja kutoka vidole vya Bi Chumvi.

"Mama, umeharibu jaribio!" Tepu alipiga kelele. "Uji ulikuwa karibu kumiminika!"

"Makusudi hayo," alisema mwalimu mkuu. "Amesikia kwamba muhula ujao hana kazi, ameamua kuvunja mashine."

Bi Chumvi, aliyekuwa ameshika kifundo chake, aliinua kichwa. Hilo la kazi alikuwa hajalisikia.

Mhadhiri akamgeukia. "Wewe ndiye uliyekuwa kwenye usukani. Huyu asingeingilia, ungemaliza peke yako?"

"Fikiri kabla hujajibu," mwalimu mkuu alimwambia polepole. "Jiko hili litakuwa la mpishi mmoja, na jina lililoandikwa ni lako."

Bi Chumvi alimtazama wifi yake kwa jicho lilelile la siku ya mazishi. Bi Mwiko hakuomba. Alitazama mlango wa stoo, na nyuma ya stoo, na alishaanza kuhesabu moyoni vitu vya kufunga: godoro, beseni, sare za mtoto.

"Mimi huyu mwanamke simpendi," alisema Bi Chumvi. "Nyie wenye madaftari, andikeni hivyo. Siku nikifa asinioshe. Lakini uji ule ulikuwa unakuja miguuni kwangu, na nyie wasomi mlikuwa mnapiga picha. Mashine yenu inataka watu wawili. Na wa pili ni huyo, maana hapa hakuna mwingine anayejua uji unaachia lini."

Mhadhiri alivua miwani. "Mlijaribu kwa uji?"

Tepu alitazama tepu yake.

"Kwa maji," alijibu Muuguzi. "Mama alituambia uji si maji. Tukamwambia anaziba picha."

Mhadhiri akafungua faili jekundu, akatoa karatasi ya kukabidhi kifaa iliyokuwa inangoja saini, akaipasua mara mbili. "Chuo hakitatoa kifaa cha mtu mmoja," alimwambia mwalimu mkuu. "Kitarudi hapa kikiwa na usukani huku na huku na wapishi wawili wa kuushika. Au hakirudi."

Mwalimu mkuu alitoka bila kuaga.

Asubuhi iliyofuata Bi Chumvi alikuja na mkono umefungwa bendeji na Muuguzi. Akachochea moto kwa mkono wa kushoto. Uji ulipoanza kutokota alisema, na safari hii hakuziambia kuni.

"Ulijua."

"Nilijua," alisema Bi Mwiko.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya maji."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Mshenzi wewe."

Ilikuwa kweli. Bi Mwiko akaendelea kukoroga. Ukafika wakati wa chumvi. Bi Chumvi alilibana kopo kwapani, akavuta kifuniko kwa mkono wa kushoto, kutu imekiuma, hakitoki. Akajaribu kwa meno. Mwisho akalisukuma kopo juu ya meza kwa kiwiko mpaka likafika upande wa pili.

"Tia," alisema. "Nakuangalia."

Bi Mwiko akalifungua. Vidole vyake vilikuwa vimesahau. Akachukua chembe chache tu, za kumtosha ndege, akazidondosha. Bi Chumvi akachota uji kwa kijiko, akapuliza, akaonja.

"Ongeza."

"Sitaki kesi."

"Ongeza, nimesema! Huu ni uji wa watoto, si wa mgonjwa."

Bi Mwiko akaongeza.