Rehani ya Kivuli

Kivinje ni mji ambao ukipiga chafya sokoni, utaambiwa rehema na mtu aliye Masoko, mji wa pili. Kwa hiyo Umi alipomwona Sixbert anaingia mbio uani asubuhi ile, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi, alijua mji mzima umekwisha kulisikia hilo linalokuja, na yeye ndiye wa mwisho.

"Umi, usitoke."

"Kuna nini?"

"Wanasema mtoto wa Mama Imani amebaki ukutani."

Umi alitaka kucheka, akauona uso wa Sixbert, akaacha. Yeye na Sixbert, mwenye duka la kuchapa picha, walikuwa wanaandaa siku ya vijana wanaoandika programu za kompyuta za kuchora na kupiga muziki. Ilikuwa Alhamisi, na siku yenyewe ni Jumamosi, katika ukumbi wa ushirika wa zamani. Wageni walikuwa wanatoka Lindi, Kitomanga, hata Songo Songo. Jana yake Umi alikuwa ameijaribu programu yake mbele ya watoto wa mtaani. Unasimama mbele ya kamera, kivuli chako kinatokea ukutani kwa rangi, unacheza nacho. Ukiondoka, kivuli kinabaki kinacheza peke yake. Hapo ndipo palipokuwa na utamu wake. Imani, mtoto wa miaka saba, alicheza kuliko wote.

Ila ukumbi ule madirisha yake hayana mbao, na picha haionekani mpaka giza liingie. Umi akangoja giza. Aliwaza mwanga tu. Adhana ya maghribi ikalia watoto wakiwa bado wanarukaruka ukutani, saa ambayo kila mama wa Kivinje huita wanawe ndani kwa majina yote matatu, wasije wakapatwa na mashetani. Umi amelelewa hapo hapo, na hata yeye hakukumbuka.

"Usiku kapata homa," Sixbert alisema. "Alfajiri degedege. Wanasema kilichorudi nyumbani ni mwili tu, mwenyewe umemfanya msukule. Panda gari la Lindi, mwanangu, mambo yapoe."

"Wamempeleka hospitali?"

Sixbert aliangalia kandambili yake. "Mama yake kakataa. Anasema mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa, sembuse aliyechukuliwa kivuli. Mganga, Mzee Shamte, kaitwa kutoka Mitole. Atafika jioni."

Jioni! Malaria aliijua, haimngojei mtu wa Mitole. Na watu wa mtaa wake aliwajua pia. Hao hao waliomjazia nyumba siku ya arusi ya dada yake, wakala, wakaimba mpaka sauti zikakauka, ndio hao ambao leo wangeweza kuokota mawe. Alitazama begi lake la safari. Akatazama begi la kompyuta. Akachukua la kompyuta.

"Beba projekta," alimwambia Sixbert.

"Unakwenda kwao? Umi, una wazimu?"

"Beba."

Barazani kwa Mama Imani wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, na nyumba za jirani zimebaki hazina mtu. Kelele zikakatika kama redio iliyozimwa.

"Shikamooni," alisema Umi.

Hakuna aliyesema marahaba. Tangu azaliwe, hilo halijawahi kumpata.

Mama Imani alitoka chumbani, kanga imemlegea, macho mekundu. "Umekuja kummalizia?"

"Mama Imani, nakuomba, tumpeleke hospitali. Ule ulikuwa mwanga tu..."

"Mwanga!" Bi Somoe, jirani asiyepitwa na jambo, alidakia. "Mwanga gani unaomchezesha mtu asiyekuwepo? Mimi mwenyewe nilichungulia dirishani. Mtoto kaondoka, ukutani yupo!"

"Kirudishe kivuli chake," alisema Mama Imani. "Hapa hapa, mbele ya watu. Kirudishe nimpeleke kokote unakotaka."

Umi angeweza kudanganya. Lakini hofu ilikuwa imemkausha, na ukweli ukamtoka kabla hajaupima.

"Sinacho. Nilipozima mashine, kilipotea."

"Kimepotea!" Yowe likapanda. Wanaume waliokuwa barabarani wakasogea. Mtu akamshika Umi kanga kwa nyuma, akavuta. Sixbert alisema, "Jamani, jamani," kwa sauti ndogo isiyomsaidia mtu.

Kutoka chumbani mtoto akakoroma. Si mkoromo wa usingizi.

"Chukua changu!" Umi alipiga kelele. "Mama Imani, chukua changu uweke rehani!"

Mkono uliokuwa unavuta kanga ukalegea.

"Nakiacha hapa, ndani kwako. Wakilinde. Mtoto akipona, mnipe. Asipopona..." Hakuweza kuimaliza.

Waliziba dirisha la chumba kwa mkeka. Sixbert akachomeka nyaya. Umi akasimama mbele ya kamera, karibu na kichwa cha mtoto aliyekuwa anawaka kama chungu jikoni, na kivuli chake kikasimama ukutani, chekundu na bluu. Hakucheza, alitetemeka tu. Kisha akatoka mbele ya kamera, na kivuli kikabaki, kinatetemeka vile vile, peke yake. Wanawake mlangoni wakajifunika nyuso.

Mama Imani alikitazama. Akamtazama Umi. Akamwinua mtoto.

"Bi Somoe, kaa hapa. Kisiondoke."

Sixbert alibaki na mashine. Kwenye bodaboda walipanda watatu, dereva, Mama Imani na Umi, mtoto katikati. Njia nzima Umi alijikuta anatazama chini, pembeni ya gurudumu, kutafuta kama kivuli chake kipo. Jua lilikuwa limefichwa na mawingu. Hakukiona. Mwandishi wa programu mzima, aliyeiandika mwenyewe mstari kwa mstari, na bado anakitafuta.

Muuguzi hakuuliza mengi. Alimpima mtoto, akaguna, akaleta sindano. Mama Imani alifumba macho na kumshika Umi kifundo cha mkono, kucha zikazama. Sindano ikaingia. Mtoto hakulia. Walikaa hivyo, wanaangalia kifua kidogo kinapanda, kinashuka, kinachelewa, kinapanda.

Mara feni la wodini likapunguza mwendo, likasimama. Umeme umekatika.

Umi hakuhitaji kuambiwa. Simu ikalia, na sauti ya Sixbert ikasikika hata kitanda cha pili.

"Umi! Kimezimika! Bi Somoe kaanguka, wanawake wanalia matanga, wanasema umekufa! Uko wapi? Umi?"

Umi alifungua mdomo. Sauti haikutoka. Alijaribu tena, haikutoka, na kwa pumzi moja ndefu aliamini kabisa kwamba amekufa.

Mama Imani alimgeukia. Akamkodolea macho, akanyoosha vidole, akamfinya mkono kwa nguvu zake zote.

"Aiii!"

"Yuko hapa," Mama Imani aliiambia simu. "Anaumia. Waambie wanyamaze."

Kitandani Imani alifumbua macho, mazito, akaangaza huku na huku. "Mama, nani kalia?"

Mama Imani hakujibu. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, na mkono wa Umi hakuuachia.