Kilomita za Baiskeli Isiyotembea

Uligeuza uso. Usijitetee, nilikuona. Usiku wa jana niliota tumo ukumbini mwa chama chetu cha baiskeli hapa Shinyanga, na wewe, mwanachama mwenzangu, ulikuwa safu ya nyuma unahesabu mbao za dari.

Ajenda unaijua. Masika yameingia, mbuga yote ni tope jeusi, hakuna anayeweza kufanya mazoezi barabarani. Chama kinatoa mashine moja ya kuendeshea baiskeli ndani ya nyumba, na atakayepewa ndiye atakayetuwakilisha mashindano ya mkoa mvua zikikatika. Mtu mmoja tu. Ama mimi, Maduhu, mnoa visu, ama Luhende.

Nasema mapema usije ukasema nimeficha: nina wivu. Luhende akipanda baiskeli, hata mgongo wake unapendeza. Naujua mgongo huo. Nimeuangalia kwa nyuma tangu 2014, kila mwaka, nikiwa wa pili.

Basi tunaingia kuchagua mashine. Mashine tatu zimekaa meza kuu, zimewekewa maji ya chupa. Ya kulia ina roli tatu za kuzungukia magurudumu na haitulii kitini. Ya kushoto ina sumaku. Vijiko vyote vya chai vimeigandia kifuani. Ya katikati ni kubwa, nyeusi, mpya.

"Kaeni," inasema ile kubwa. "Leo tunachagua sisi."

Hakuna anayeshangaa. Katibu wetu, Mama Nkwimba, anafungua daftari.

"Kanuni ya kwanza. Mpanda alingane na kifaa."

Wanamsimamisha Luhende, wanamlegeza kiunoni kwa spana ya kumi na tatu, wanampandisha vidole viwili kama kiti cha baiskeli, wanakaza.

"Inabana, mwanangu?"

"Hapana, mama. Asante."

Hata kufunguliwa kwa spana anafunguliwa vizuri. Mimi nati yangu imeshika kutu. Wanaigonga nyundo mara mbili, wanaiacha.

"Kanuni ya pili. Kisisumbue majirani."

Mashine kubwa inanigeukia. "Wewe una kelele kiasi gani?"

"Sina kelele," nasema. "Nina kumbukumbu. Tarehe tatu Machi 2016 niliandika barua kuomba mashine kama hii. Niliiandika mwenyewe, kwa mkono, bila kusaidiwa na msomi yeyote. Mkampa muuza karanga afungie karanga. Karanga zile nilizinunua mimi! Nilisoma barua yangu huku natafuna!"

Kioo cha dirisha kinapasuka. Mama Nkwimba anaandika: kelele.

"Kanuni ya tatu. Ndani hakuna upepo, kwa hiyo mpanda awe na feni."

Feni inaletwa. Inageuka kushoto, inampulizia Luhende, shati lake linapepea. Inageuka kulia, inafika kwangu, inavuta pumzi ndani. Inarudi kwake. Nimehesabu mara kumi na moja.

"Kaka Maduhu, sogea huku tugawane," ananiambia Luhende.

Hapo ndipo panaponiuma. Ana roho nzuri. Angalau hiyo angeniachia mimi.

"Sasa kilomita za mazoezi," anasema Mama Nkwimba. "Luhende, panda."

Mashine kubwa haitaki gurudumu la nyuma, inataka kukaa mahali pake yenyewe, kwa hiyo gurudumu la Luhende linafunguliwa. Linatoka nje lenyewe, linasimama barazani, limejikunyata kwa baridi. Luhende anakanyaga dakika tano. Kimya kabisa.

"Kilomita tatu," inatangaza mashine.

Ukumbi unapiga makofi. Ukapiga na wewe.

"Na mimi je?" nauliza. "Stendi yangu ya kunolea nimeizika miguu kwenye saruji tangu 2008. Gurudumu linaning'inia hewani, tairi linazungusha jiwe. Nakanyaga kutwa nzima. Miaka yote mnaniambia baiskeli isiyotembea haina kilomita. Hiyo ya Luhende imekwenda wapi?"

"Ndugu yangu," anasema Mama Nkwimba kwa upole, "ya Luhende ni mashine."

Mara tuko chumbani kwangu. Stendi ipo kwenye saruji yake. Kamati yote, na Luhende, na wewe, mmekaa kitandani, mmevua viatu. Napanda, nakanyaga kwa hasira, cheche zinaruka kwenye jiwe.

Na kwa kuwa baiskeli ya ndani haiendi popote, chumba kinaenda.

Dirishani inapita Tinde. Inapita Isaka, kuna treni, tunaiacha. Sakafu sijui imebaki wapi, chini ya gurudumu ni barabara. Kagongwa, mama mmoja anakimbia sambamba na dirisha, panga mkono mmoja, mkono wa pili anaburuta tawi la mgunga lenye miiba.

"Baba, ninolee! Zizi halijafungwa, ng'ombe watatoka!"

"Lete!"

"Mbona husimami?"

"Mimi nimesimama tangu 2008, mama. Wewe ndiye unakimbia."

Nanoa, namrudishia. Analijaribu kwa kidole gumba. "Hili limenolewa," anasema, na tawi linamponyoka, linaingia chini ya gurudumu langu.

Tunafika Kahama. Nahema. "Andika, mama. Kilomita mia na ushei."

"Wewe hujaenda popote, ndugu yangu. Kilichokwenda ni chumba."

Anaandika sifuri. Chumba kinapigiwa makofi. Mashine kubwa inainuka, inakipa mkono. Nikakionea wivu chumba changu mwenyewe.

"Labda kama kuna aliyemwona akikanyaga," anasema Mama Nkwimba.

Luhende ananyoosha mkono.

"Wewe ni mshindani, shusha. Mwingine?"

Wote wanakugeukia wewe. Dirisha lilikuwa mbele yako. Tinde uliiona, treni uliiona. Ukainua macho ukaanza upya: ubao wa kwanza, ubao wa pili.

Chini yangu kitu kikalia: tsiii.

Nikaamka. Kumekucha, mvua inapiga bati. Chumba kipo Shinyanga. Stendi ipo kwenye saruji, gurudumu linaning'inia shibiri moja juu ya sakafu, kama lilivyoning'inia miaka yote.

Tairi halina upepo. Katikati yake umekwama mwiba wa mgunga, mweupe, mrefu kama kidole, umevunjika ncha.

Tairi hilo halijagusa ardhi tangu 2008.

Kikao ni leo saa nne asubuhi. Mwiba sijaung'oa, nimeuacha palepale. Njoo uuguse kwa kidole chako, kisha twende wote ukumbini. Mama Nkwimba atauliza nani aliniona nikikanyaga. Namjua, atauliza mara moja tu. Dari liache, mbao zake hazitaongezeka. Nyoosha mkono.

Vaa viatu. Sasa hivi.