Jiwe Chini ya Meko ya Stuckey

Mjini Marlcombe mtu hakuulizwa mali wala elimu ili apige kura. Aliulizwa jambo moja tu: una meko yako mwenyewe, na chungu chako kinachemka juu yake? Basi, wewe ni mpiga kura kama alivyokuwa baba yako. Ndiyo maana uchaguzi ulipokaribia wanaume walitoa meza barabarani, wakapakua chakula mbele ya majirani na kula kwa madaha hata mvua ikiwanyeshea kwenye sahani, asije mtu akasema fulani analishwa na mama mkwe.

Obadiah Stuckey, msusi wa vikapu, alikuwa amekula barabarani hivyo kwa chaguzi tisa. Nyumba haikuwa yake. Ilikuwa ya tajiri mwenye mashamba yote ya upande ule, na msimamizi wa tajiri, Bwana Voysey, alikuja kila uchaguzi akiwa na mafundi wa paa, akavua kofia mlangoni na kumtajia Obadiah jina la kumpigia kura. Obadiah alikwenda akalitaja jina hilo kwa sauti mbele ya karani na watu wote, kama ilivyokuwa desturi, huku roho ikimuuma. Kura ndiyo iliyomweka chini ya paa lile. Watu wote walilijua hilo, na yeye zaidi.

Kwa hiyo habari za mageuzi ya Bunge zilipofika, alizishangilia mpaka sauti ikamkauka. Wakubwa watapunguzwa nguvu, walisema, na wapiga kura wa zamani kama yeye wataachiwa haki yao, mradi nyumba zao ziwe ndani ya mpaka mpya wa mji. Hilo la mpaka halikumnyima Obadiah usingizi hata kidogo. Nani aliyeujua mpaka wa Marlcombe kuliko yeye?

Maana kila mwezi wa Mei mji mzima uliuzunguka mpaka kwa miguu, watu wakiyachapa mawe yake kwa fimbo za mierebi ili yasisahaulike, na jiwe mojawapo lilikuwa jikoni kwa Obadiah, mbele ya moto, chini ya majivu. Msafara uliingia kupitia dirishani, mkuu wa mji akiwa wa kwanza na tumbo lake, ukalichapa jiwe, ukanywa pombe ya matofaa, ukatokea mlango wa nyuma. Siku hiyo Obadiah alikuwa mfalme.

Novemba akaja Luteni Ansell, aliyetumwa kutoka London kuchora mpaka mpya. Alikuwa mtu mpole, viatu vimejaa tope. Obadiah alimkuta mwisho wa bustani yake akitazama kijito, akamkaribisha ndani ale njegere na nyama ya nguruwe. Keziah, binti yake Obadiah, mwanamke wa miaka thelathini asiyependa maneno mengi, akamkatia mkate.

"Nadhani mstari wangu utafuata kijito," alisema Luteni, ameikunjua ramani juu ya meza. "Kinaonekana, na hakibishani na mtu. Wewe mzee utakuwa ndani, usiwe na wasiwasi."

Mtu mwenye akili zake angemwongezea nyama akanyamaza.

"Kijito?" Obadiah akacheka. "Nani kakudanganya, bwana? Kijito si mpaka hata siku moja."

"Baba," Keziah akasema, "mwache mgeni ale."

"Ale, nani kamzuia? Lakini asiende kuwaandikia uongo wakubwa wa London, kesho waseme watu wa Marlcombe hawajui hata mji wao unaishia wapi. Njoo, bwana, njoo uone kitu."

"Baba, chakula kinapoa."

"We Keziah, hebu!"

Akapiga magoti, akayasukuma majivu kwa kiganja, na jiwe likaonekana pamoja na ile herufi iliyochongwa kale. Luteni akapiga magoti pia. Alilitazama jiwe, akautazama moto uliokuwa nyuma yake.

"Mji uko upande gani wa jiwe, mzee?"

"Huu wa mlangoni. Kule nyuma ni shamba."

"Na chungu je?"

Obadiah akageuka kukitazama. Chungu kilikuwa kinatokota palepale kilipotokota miaka yote, hatua moja nyuma ya jiwe, upande wa shamba.

"Hakuna aliyewahi kulitazama hivyo, bwana," alisema.

"Hata mimi nisingelitazama," alisema Luteni, na ilionekana kweli anasikitika. "Lakini sasa umenionyesha. Siwezi kujifanya sikuona. Na mstari hauwezi kupita katikati ya jiko la mtu, lazima ufuate kitu kinachoonekana."

Akachungulia dirishani, akaiona njia iliyopita mbele ya nyumba. Kisha akachukua kipande laini cha mkate wa Keziah, akakifinyanga kwa vidole, akafuta nacho mstari wa penseli uliofuata kijito. Mpaka mpya akauchora kwenye njia. Nyumba ya Obadiah ikabaki ng'ambo.

Usidhani Obadiah alikaa tu. Alimfuata Luteni mpaka kwenye nyumba ya wageni, akaambiwa ramani imekwisha kupelekwa. Alimlipa karani amwandikie barua kwenda London, na London haikujibu. Mkuu wa mji, yule aliyekuwa akipita dirishani kila Mei, alimshika bega na kumwambia, "Ndugu yangu, sisi wote tunajua wewe ni mtu wa Marlcombe," kisha akaenda zake. Majira ya kiangazi sheria ikapita na kengele zikapigwa. Orodha ya wapiga kura ilipobandikwa mlangoni mwa kanisa, Obadiah aliisoma mara tatu kwa kidole.

Vuli haikuwa imeisha paa lilipoanza kuvuja. Safari hii mafundi hawakuja.

Desemba, siku ya uchaguzi, akabeba meza akaiweka upande wa pili wa njia, upande wa mji. Akarudi kuchukua chungu, akakivusha kikiwa bado kinafuka moshi.

"Baba, watu wanatazama," alisema Keziah.

"Wacha watazame. Ndiyo maana yake."

Watu walipita kwenda kupiga kura. Waliozoea kumtania waliinamisha macho, na hilo lilimchoma kuliko kuchekwa. Mara akatokea Bwana Voysey juu ya farasi. Mkono wake ukaenda kwenye kofia kwa mazoea, kisha akakumbuka, akaushusha.

"Afadhali nimekukuta, Stuckey. Tajiri anaibomoa nyumba kabla ya Pasaka. Hana haja nayo tena, na matengenezo yake unayajua."

"Bwana, nimezaliwa mle ndani."

"Najua."

"Itabomolewa yote?"

"Yote. Isipokuwa lile jiwe." Voysey akakohoa. "Luteni aliandika kwamba lisiguswe. Anasema ndilo ushahidi wake. Tutalizungushia uzio mdogo."

Obadiah alisimama na kijiko mkononi. Alitaka kutukana, alitaka kumshika farasi hatamu, lakini akauliza tu:

"Na sisi, bwana?"

Voysey akakitazama chungu. "Chakula kinanukia vizuri," alisema, akampiga farasi teke.

Obadiah akaketi. Alingoja Keziah amwambie yale aliyostahili kuambiwa tangu Novemba ile. Keziah akafunua chungu. Alimpakulia njegere bakuli tele, akamwekea mkate kando, naye Obadiah akaanza kula, barabarani, mbele ya watu, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni.